Kuipa Meza Mgongo

Springdale, Arkansas
4 Juni 2013

Kaka yangu Jekron,

Iakwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba mguu wako umepoa. Sisi huku hatujambo. Rosbella wangu bado yuko kiwanda cha kuku, zamu ya asubuhi. Anarudi vidole vimekufa ganzi, anasinzia huku kijiko kiko mdomoni. Watoto wake wote watatu wanakusalimia. Mitha ametimiza miaka kumi na anajua kila kitu. Bobson ana saba na meno ya mbele hana. Lino ana minne, na bado anadhani wewe ndiye yule mzee mwenye ndevu kwenye kalenda ya kanisa, anayepasua bahari kwa fimbo. Sijamsahihisha, maana akikuogopa analala mapema.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Shule zimefungwa hadi katikati ya Agosti. Kipindi cha shule watoto hunywa chai huko na chakula cha mchana wanakula huko huko, kwa hiyo mimi huwaona jioni tu. Sasa midomo mitatu inaamka na mimi na kushinda na mimi, na mshahara wa mama yao ukishalipa nyumba unabaki wa kunusa.

Basi kuna mama mmoja wa Kizungu, Darlene, mnene kama mimi, anakuja na gari kila adhuhuri kwenye banda la bustani ya mtaa wetu. Anawapa watoto chakula bure, majira yote ya joto. Haulizi jina la baba wala unatoka wapi. Mkate na kuku, tufaha, maziwa. Ila ana masharti mawili: watoto wale pale pale, na mkubwa asiguse.

Unajua yaliyotokea. Nimewalea mimi, nao wana adabu. Siku ya kwanza Mitha alinisogezea trei kwa mikono miwili. Darlene akasema, "Hapana mpenzi, hicho ni chako." Mitha akakiweka chini, akakunja mikono, akanitazama. Bobson naye hivyo hivyo. Pembeni kulikuwa na bibi wengine sita wa kwetu visiwani, na wajukuu wao wote wamekunja mikono, kuku anapoa. Mtoto gani atatafuna huku bibi yake anamtazama na mdomo mtupu?

Nikainuka, nikawaambia wenzangu, "Twendeni." Tukatoka kwenye banda, tukaenda kuketi kwenye nyasi, tumeipa meza mgongo. Watoto walipoona migongo saba, wakala. Darlene akaja mbio kutuuliza tumekasirishwa na nini. Kiingereza changu kikaniishia hapo, nikacheka tu.

Tangu siku hiyo ndiyo desturi. Lakini roho yangu haijatulia. Neno la heshima ya ukoo ni lako, si langu. Je, ni sawa wajukuu wetu kula chakula cha mtu tusiyemjua, tusichoweza kukirudisha? Niandikie, nami nitafuata.

Dada yako,
Neiwan


Ailuk
19 Juni 2013

Mdogo wangu Neiwan,

Amani ya Bwana iwe nawe. Barua yako imefika kwa ndege, ambayo safari hii ilikumbuka kwamba tupo. Wifi yako anakusalimu. Mguu wangu ni mguu tu, unaenda unakotaka.

Huku hatujambo kabisa. Mishelisheli imezaa, kwa kiasi chake. Nazi zipo juu ya minazi. Samaki wako baharini kama kawaida yao. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi wowote kuhusu sisi. Nakuomba tu unitumie madumu matupu, yenye vifuniko vinavyobana. Si kwa ajili ya jambo lolote.

Sasa nakuja kwenye swali lako. Nimelisoma mara mbili, nikaenda kukaa peke yangu kanisani. Neiwan, baba yetu alipokuwa hai, mtu hakupita mbele ya mlango wetu bila kuitwa, "Njoo ule." Wageni walitoka kwetu na mizigo ya chakula wasiyoweza kuibeba. Leo wajukuu wake wasimame foleni na trei mkononi, na binti yake ageuzwe kisogo kama kuku anayetaga? Mkono unaopokea kila siku husahau kutoa. Ndivyo ninavyoona.

Waondoe. Wale nyumbani kile mlicho nacho, hata kikiwa kidogo. Kidogo cha kwako kina heshima.

Nasikia pia huko ni joto. Ushauri wangu ni huu: hamishieni mikeka upande wa bahari kuu. Huko upepo haukosi.

Kaka yako,
Jekron


Springdale
2 Julai 2013

Kaka Jekron,

Iakwe, na ahsante kwa barua. Tumefurahi kusikia kwamba samaki wako baharini. Rosbella anakohoa kidogo lakini anakwenda kazini. Bobson meno yameanza kuchungulia.

Upande wa bahari kuu tumeutafuta. Mitha aliangalia kwenye ramani ya shule. Ni mwendo wa gari siku nzima na zaidi, na upande wowote utakaoelekea, bahari haiko Arkansas. Joto la huku, kaka, si kama la kwetu. Halivumi. Linakaa juu ya mtu kama shemeji aliyekuja kusalimia akasahau kuondoka. Mashine ya ubaridi ya nyumba yetu ilikohoa wiki iliyopita ikafa, na mwenye nyumba anasema kesho. Darlene ametugawia karatasi yenye mafundisho: kunywa maji kabla hujasikia kiu, tafuta kivuli mchana, usimwache mtoto kwenye gari hata kama unaingia dukani mara moja. Nimeibandika mlangoni. Lino amechora pweza juu yake.

Nikwambie pia, kabla hujasikia kwa wengine, kwamba siku chache kabla barua yako haijafika nilipumzika kidogo pale bustanini. Unajua banda lote limejaa meza, na miti ya nje bado ni miche, kivuli chake hakimtoshi paka. Nasi tulikuwa tunaketi hapo tumegeuka, adhuhuri. Basi nikapumzika. Watu wakalikuza jambo, gari la king'ora likaja. Mengine siwezi kuandika. Wewe ni kaka na mimi ni dada.

Baada ya hapo Darlene alikuja nyumbani na barafu. Akamwomba Mitha amtafsirie, amuulize bibi kwa nini wanawake wa kwetu wanakaa juani na kivuli kipo. Mitha akamweleza yote, kwamba mtoto hali mbele ya mkubwa asiyekula, na kwamba migongo yetu ni ya kuwapa ruhusa. Yule mama akasema kuna njia. Akinamama wanaomsaidia kugawa wanaruhusiwa kupewa sahani yao. Anataka nigawe. Anayegawa hatazami walaji, ana kazi mkononi, na anakula mwisho, kama sisi kwenye karamu zetu. Ameniachia na neti ya kuvaa kichwani.

Nikamwambia nitakuuliza wewe. Siku ya pili yake barua yako ikaingia, na wewe ulikuwa umeshasema. Nimewaondoa watoto, wako nyumbani. Mchana wanakula tambi kavu za pakiti, wanazinyunyizia unga wa sharubati, ndimi zao zote nyekundu. Wanasema ni tamu. Nangojea neno lako kuhusu hiyo neti, kwa sababu labda ulikataa foleni tu na hukukataa kazi.

Madumu manne nimeyatuma kwa meli. Ni jambo gani hilo lisilo jambo lolote, linalotaka madumu manne?

Dada yako,
Neiwan


Ailuk
17 Julai 2013

Neiwan,

Nakusalimu. Nakuandikia nikiwa nimekasirika, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

"Nilipumzika kidogo." Rosbella alimpigia simu binamu yetu kule mjini Majuro, binamu akatangaza kwenye redio, na redio ya Ailuk, kama ulivyosahau, haina siri. Kisiwa kizima kimesikia kwamba dada wa mzee Jekron alianguka juani huko Amerika akainuliwa na wanaume wanne. Ilipofika sehemu ya gauni nilitoka nje nisisikie maneno yasiyomfaa kaka, nikakumbuka kwamba spika iko nje. Nikaingia kwenye mtumbwi.

Niliogopa. Nasema mara moja tu. Nilikaa kwenye ule mtumbwi hadi magoti yalipokuwa hayainuki, nikifikiri kwamba umekufa na mimi ndiye niliyekufundisha tangu utotoni kumpisha mtoto ale kwanza.

Sasa kuhusu neti. Jibu ni hapana. Nimejitahidi kukuona, binti wa baba yetu, umesimama nyuma ya meza ya watu na wavu wa samaki kichwani, nimeshindwa. Chakula kile si chetu. Ukikigawa wewe hakigeuki kuwa chetu.

Kama watoto wanapungukiwa, waletwe hapa. Huku wana babu, wana ardhi ya mama yao, watakula. Ila wasije sasa. Waje baada ya mvua.

Tuma madumu mengine. Yale manne, yakifika, tayari yana kazi.

Jekron


Springdale
20 Julai 2013

Kaka Jekron,

Iakwe. Hatujambo, ila si kwa hali ile niliyokuandikia.

Sikungoja jibu lako. Watoto wamerudi bustanini, na mimi nimevaa neti. Leo ni siku ya nne. Naandika haraka kabla ujasiri haujanitoka.

Nilikuwa nimekutii, Mungu anajua. Lakini Jumatatu zilikuwa zimebaki pakiti mbili za tambi. Nikawapa watoto. Rosbella hajalipwa bado. Mitha akamsukumia Lino sehemu yake akasema, "Kula wewe, mimi sijisikii njaa leo, labda jioni." Na alipokuwa anasema alijipangusa mikono kwenye magoti. Kaka, hayo maneno ni yangu. Hata kule kujipangusa ni kwangu. Nimekuwa nikiyasema kwa wiki mbili nikidhani hakuna anayenisikia. Mtoto wa miaka kumi ameshajifunza kudanganya kuhusu tumbo lake, tena kwa adabu kabisa. Nilikwenda chooni nikalia, kisha nikamwita Darlene.

Neti inabana na inanikera. Bibi wengine wanne nao wamejiandikisha baada ya kuniona. Siku ya kwanza nilimjazia Bobson sahani hadi Darlene akanishika mkono. Anasema kipande kimoja kimoja. Nikamwambia, Mitha akitafsiri, kwetu anayegawa kidogo husemwa miaka kumi baada ya kuzikwa. Akasema kwao anayegawa zaidi hufukuzwa. Tunaelewana. Mwisho, watoto wakishatosheka, tunaketi ndani ya kivuli, tunakula nasi, na watoto wanatuzunguka wakituuliza kama tumeshiba. Sijawahi kula kuku mkavu kiasi kile, na nilimaliza.

Sasa sikiliza na mimi. Hemlin, mke wa mchungaji, amerudi juzi kutoka Majuro. Nilimuuliza habari zenu akaangalia chini. Nikambana. Anasema mvua haijanyesha kwenu tangu kabla ya Pasaka. Anasema mishelisheli imepukutisha matunda yakiwa madogo kama ngumi ya Lino, visima vimeingia chumvi, na serikali inaleta mchele na maji kwa meli. Anasema kila kaya inakwenda kupokea, na mzee Jekron haonekani.

Kwa hiyo nimeelewa kuhusu madumu.

Mishelisheli imezaa kwa kiasi chake. Nazi zipo juu ya minazi. Ulichagua maneno vizuri, huwezi kushikwa kwa uongo hata mmoja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wasema watu, lakini wewe una njaa na bado hutujui? Unakula nini, kaka? Wifi anakula nini? Nijibu hilo kwanza, halafu ndiyo unitukane kuhusu neti.

Madumu sita nimeyapeleka posta. Yule kijana wa dirishani aliuliza ndani kuna nini. Nikamwambia kaka yangu.

Neiwan


Ailuk
6 Agosti 2013

Mdogo wangu Neiwan,

Amani iwe nawe. Ndege haijaja tangu nilipokuandikia, kwa hiyo sina barua yako mpya. Hii naipa meli ya maji, nahodha ameahidi. Wifi yako hajambo. Sasa utajua kwa nini nasema hivyo kwa furaha.

Kuna mambo sikukuandikia. Hatuna mvua. Sikutaka ujue, kwa sababu wewe una midomo mitatu na ningekufanya uwe na mitano. Tumekuwa tukila chaza wa kuokota na nazi kuukuu, na wifi yako amejifunza kupika majani ambayo nguruwe aliyakataa. Mchele wa serikali ulipokuja, nilisema wachukue wenye shida. Nikaenda kusimama kule kwenye mchanga, nikitazama baharini, ili watu wasione aibu kupokea mbele yangu. Niliona ni heshima kubwa ninayowafanyia. Ukubwa ni jaa, unapokea kila kitu isipokuwa mchele.

Wiki iliyopita walipika pamoja kanisani. Mimi niko mchangani kama kawaida. Muda ukapita, sisikii sahani. Nikageuka. Watoto wote wa kisiwa wameketi kwenye mikeka, wali umeshagawiwa, na hakuna hata mmoja aliyegusa. Nzi ndio waliokuwa wanakula. Nikamwuliza jirani yetu Tarke kuna nini. Akaniambia kwa upole ule unaomtia mtu aibu, "Mzee, wanakungoja wewe. Wamekungoja hivi tangu meli ya kwanza. Wao hula ukishakwenda kulala."

Neiwan, meli ya kwanza ilikuja Mei.

Kumbe nilikuwa nawaweka na njaa kila siku hadi jua linazama, na usiku najisifu kwa Mungu. Nilikwenda nikajipanga kwenye foleni, nyuma ya mtoto mwenye kamasi, nikapokea sahani, nikaketi katikati yao. Nilipotia tonge la kwanza mdomoni, nikasikia vijiko vyote kwa pamoja. Nililia, na nikasingizia moshi, na hakukuwa na moshi. Wali wenyewe ulikuwa mtamu sana. Hilo usimwambie mtu.

Sasa kuhusu wajukuu wetu. Nilikosea. Warudishe bustanini. Vaa hiyo neti, vaa hata mbili. Yule mama Darlene mwambie kwamba kaka mkubwa anamshukuru, na kwamba akija Ailuk hatapita mlangoni pangu bila kuitwa. Tutampa tutakachokuwa nacho, na atakula pale pale, na asibebe kitu. Mwambie hayo ni masharti.

Na wewe ule, Neiwan. Kaa mahali watakapokuona.

Najua barua hii itachelewa. Nakujua pia wewe. Ulipokuwa na miaka sita ulikatazwa kupanda mnazi, ukatelemka na dafu ukauliza nani alikataza. Nadhani umeshawarudisha zamani na hukuningoja. Kama ni hivyo, nina ombi moja. Mimi ni mzee, na neno langu siku hizi linafika kwa meli. Niandikie kwamba ulingoja.

Kaka yako,
Jekron


Springdale
21 Agosti 2013

Kaka yangu mpendwa,

Iakwe. Barua yako imefika juzi, siku ile ile shule ilipofunguliwa na Darlene alipofunga banda na kutubusu mashavuni mmoja mmoja. Wote hatujambo. Lino ameanza darasa la watoto wadogo. Amemweleza mwalimu kwamba babu yake alipasua bahari, sasa anakula wali.

Niliwasomea watoto barua yako yote, hata pale pa moshi. Mitha alisema, "Babu ametupa ruhusa." Nikasema ndiyo, ametupa. Akanitazama, maana anajua kila kitu, lakini hakuongeza neno. Tunamlea vizuri.

Mvua ikinyesha utume neno kwa redio, nataka kisiwa kizima kisikie. Na iko barua yangu ya Julai ambayo labda bado inazunguka huko kwenye ndege. Ikifika, usiifungue. Itumie kuwashia moto.

Nilikungoja, kaka. Watoto hawakugusa kitu hadi uliposema.

Dada yako,
Neiwan